Mlango wa Banda la Bwana Nassibu

Wenceslaus Lugembe alikuwa na masikio ya fundi. Akipita nje ya ua wa mtu na kusikia kapi la kisima linalia, aliweza kusema kama linataka grisi au kama limekwisha kabisa. Masikio hayo aliyapata katika karakana ya reli pale Tabora, alikofanya kazi miaka kumi na mmoja, mpaka alipoambiwa ahamie Morogoro. Alikataa. Mama yake alikuwa amelala kitandani nyumbani kwao, mtaa wa Mtendeni, upande mmoja wa mwili umekufa, na Josepha, mkewe Wenceslaus, hakuweza kumgeuza peke yake. Basi kazi ya reli ikaenda, naye akaanza kuzunguka mjini na mfuko wa vifaa, akitengeneza mashine za kushonea, kufuli, pampu, chochote chenye meno au springi.

Ndivyo alivyofika kwa Bwana Nassibu wa mtaa wa Kanyenye, mnunuzi wa asali na nta. Mwaka 1952 Bwana Nassibu alinunua lori, na akataka lilale ndani. Ghala lake la zamani la nta lilikuwa limeungana na nyumba, refu kwenda juu, lenye kuta nene za udongo. Alibomoa upande wa mbele na kulifanya banda la gari. Tatizo lilikuwa mlango. Njia ya pale ni nyembamba, na mlango wa mbawa mbili ukifunguliwa ungeziba njia nzima. Bwana Nassibu alikuwa ameona Dar es Salaam mlango unaopanda juu badala ya kufunguka nje, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya mlango mwingine.

Ulikuja kwa treni, vipandevipande. Wenceslaus aliutandaza uani, akauangalia siku mbili bila kugusa kitu, akichora chini kwa kijiti. Siku ya tatu alianza kuufunga, na baada ya wiki moja ukasimama.

Ulikuwa mlango mzito, wa mbao na fremu ya chuma. Kila upande ulikuwa na gurudumu dogo lililopanda na kushuka ndani ya reli iliyofungwa ukutani. Kila upande ulishikwa na waya mnene, waya ukapita juu ya kapi, ukashuka ndani ya sanduku la mbao, na mwisho wake ukaning'iniza chuma kizito. Vyuma hivyo viwili ndivyo vilivyobeba uzito wa mlango, hata mtu mmoja akaweza kuupandisha kwa mkono. Na kwa kuwa waya hukatika, aliyeutengeneza alikuwa ameweka breki kila upande: kipande cha chuma chenye meno, kilichozuiwa na waya kisiguse reli. Waya ukilegea tu, springi inakisukuma, meno yanauma reli, mlango unasimama hapo hapo ulipo.

Dereva wa lori hilo aliitwa Damas Ng'washi, mtu wa Nzega, mwenye kicheko kikubwa na mikono mikubwa zaidi. Damas aliuogopa ule mlango waziwazi.

"Wense, kitu hiki kinaning'inia juu ya kichwa changu kila siku," alisema. "Mimi nina watoto watatu."

Wenceslaus akampeleka ndani. Alifunga mlango kwa kamba nene kwenye boriti ya juu, akalegeza waya mmoja kidogo kwa spana, na breki ikauma reli kwa mlio mkali. Kisha akaifungua ile kamba, akasimama chini ya mlango kabisa, mikono kiunoni.

"Unaona? Umekaa. Waya ukikatika, breki ipo."

Damas alicheka, akaja kusimama naye. Tangu siku hiyo hakuogopa tena.

Wenceslaus alimfundisha mambo machache. Mlango ukishapanda, pitisha pini kwenye tundu la reli chini ya gurudumu, kulia na kushoto. Pini zinaning'inia hapo kwa mnyororo, hazipotei. Kila Jumamosi pandisha mlango nusu, uachie taratibu. Ukikaa, mizani iko sawa. Ukishuka au kupanda wenyewe, usiutumie, niite. Damas alifuata hayo, ila pini alizisahau mara kwa mara, hasa akiwa na haraka. Wenceslaus alimgombeza, naye alijibu kwa neno moja: "Breki ipo."

Walipendana. Mama yake Wenceslaus alipofariki, Damas ndiye aliyeomba lori kwa Bwana Nassibu na kulibeba jeneza mpaka kijijini kwao, upande wa Ndala, akiendesha polepole kwenye mashimo kana kwamba bibi yule angeweza kuumia bado. Wenceslaus hakulisahau jambo hilo.

Mwaka uliofuata, msimu wa asali ulipoanza, mlango ulianza kukwama. Damas akiupandisha, ukifika nusu, breki ya kushoto inauma. Anaushusha, anaupandisha tena, unapita. Kesho yake unakwama mara tatu. Wenceslaus aliweka ngazi, akapanda, akapitisha kitambaa kwenye waya wa kushoto kutoka juu hadi chini. Karibu na kapi kitambaa kikanasa. Nyuzi mbili za waya zilikuwa zimekatika na kuchongoka nje kama miiba, na waya wenyewe ulikuwa umevutika. Ndiyo maana breki ilikuwa inauma: iliuona waya umelegea.

Alimwambia Bwana Nassibu siku hiyo hiyo. Bwana Nassibu hakuwa mtu mbaya. Aliagiza waya mpya Dar es Salaam kwa simu, akajibiwa kwamba utakuja kwa treni siku ya Ijumaa. Lakini hiyo ilikuwa Jumanne, na Jumanne hiyo wageni wake wawili, wanunuzi wa nta kutoka pwani, walikuwa wamesimama juani njiani muda mrefu, lori nyuma yao, Damas akihangaika na mlango. Wageni walicheka. Bwana Nassibu hakucheka.

Alimkuta Wenceslaus uani, karibu na dirisha la jikoni.

"Fundi, mlango wangu unanifedhehesha."

"Ni waya, Bwana. Breki inafanya kazi yake."

"Basi iambie iache kwa siku tatu."

"Bwana, ikiachishwa na waya ukakatika..."

"Waya utakuja Ijumaa. Waya uliodumu mwaka mzima hauwezi kudumu siku tatu?" Alishusha sauti, jambo lililomtisha Wenceslaus kuliko kama angepiga kelele. "Mimi nimekuchukua wewe mahali ambapo reli ilikuacha. Mlango ukikwama tena mbele ya wageni wangu, nitatafuta fundi mwingine anayejua kazi."

Akaondoka. Wenceslaus alibaki pale na spana mkononi. Angeweza kukataa. Angeweza kusema lori lilale nje siku tatu, Damas alale ndani ya lori kulilinda, basi. Baadaye, maisha yake yote, aliliona jibu hilo jinsi lilivyokuwa rahisi. Lakini saa ile aliiona nyumba yake ya Mtendeni, na Josepha akiuliza kwa nini amerudi mapema. Alichukua kandambili ya ngozi iliyochakaa, akakata kipande cha upana wa vidole viwili, akapanda ngazi, akakisokomeza kati ya breki ya kushoto na mwili wa mlango. Meno hayakuweza tena kufika kwenye reli. Mlango ukapanda laini.

Hakumwambia Damas. Alijiambia kwamba ni siku tatu tu, kwamba pini atazitia mwenyewe kila mlango unapopanda. Na kweli alizitia, Jumatano na Alhamisi, akikaa pale bandani kama mlinzi. Damas akamtania: "Siku hizi umeoa mlango?" Wenceslaus akacheka naye. Kicheko hicho ndicho kilichokuja kumtesa kuliko vyote.

Ijumaa mchana Damas alikuwa shambani kupakia madebe ya asali, na haikutegemewa arudi kabla ya jioni. Banda lilikuwa limefungwa. Wenceslaus akachukua baiskeli, akaenda stesheni. Waya ulikuwa umefika. Alisaini kuupokea, akautia begani, na moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza wiki ile. Alirudi akikanyaga baiskeli kwa nguvu. Njia za Kanyenye zilikuwa kimya. Wanaume walikuwa msikitini, na maduka mengi yamefungwa kwa ajili ya sala.

Alipokata kona aliona mlango umepanda. Damas alikuwa amerudi mapema. Lori lilikuwa ndani, na Damas yuko nyuma ya lori anafuta vumbi.

Wenceslaus aliona pini zote mbili zikining'inia kwenye minyororo yake.

"Damas!" aliita. Alitaka kusema toka hapo, toka upesi. Lakini Damas aliona waya begani kwake, akanyoosha mikono kwa furaha. "Umefika!" alisema, akaja mbele kuupokea, na alipokuwa kwenye kizingiti, waya wa kushoto ukakatika.

Ulilia kama mjeledi. Chuma cha kushoto kilianguka ndani ya sanduku lake na ukuta ukatikisika. Damas aliruka, maana alikuwa mwepesi kwa mtu wa mwili wake, lakini pembe ya kushoto ya mlango ilimfikia angali hewani. Ilimlaza kwenye saruji na kumkalia paja.

Kisha Damas akalia, "Mayu wane! Mayu wane!" akimwita mama yake kwa Kisukuma.

Mlango ulikuwa umekaa mshazari, kushoto chini, kulia bado juu, ukishikwa na waya mmoja uliokuwa ukilia polepole kwa mzigo. Wenceslaus aliutupa ule waya mpya, akashika ukingo wa mlango juu ya mguu wa Damas, akavuta kwa nguvu zake zote. Haukusogea hata upana wa ukucha. Akavuta tena mpaka akaona giza machoni. Akapiga kelele kuomba msaada, na njia ikamrudishia sauti yake mwenyewe.

Aliyetoka ni Bi Mwanahawa, mke wa Bwana Nassibu, mwiko wa kusongea ugali bado mkononi. Aliona, akaweka mkono mdomoni, kisha akaushusha.

"Nifanye nini, fundi?"

Swali lile ndilo lililomrudishia akili. Damu ilikuwa inatoka kwa wingi chini ya mlango. "Funga mguu, Bi. Juu kabisa, karibu na nyonga. Kaza."

Bi Mwanahawa alivua kanga ya juu, akaizungusha, akatia mwiko kwenye fundo na kuuzungusha mpaka damu ikapungua. Damas aliuma mkono wake mwenyewe. Bi Mwanahawa akapiga magoti kwenye damu, akakilaza kichwa chake mapajani, na kumwambia maneno ya kutuliza kana kwamba ni mtoto wake wa kumzaa.

Jeki ilikuwa ndani ya lori, nyuma ya kiti cha dereva. Njia pekee ya kuifikia ilikuwa kupita chini ya upande wa kulia, chini ya sehemu ile ambayo bado ilikuwa inaning'inia. Wenceslaus alisimama mbele yake. Aliujua waya wa kulia. Ulikuwa mzima jana, lakini jana haukuwa umebeba mzigo huu. Breki ya kulia ilikuwa nzima, hiyo hakuigusa. Alichukua pini ya kulia, akatafuta tundu lililo karibu chini ya gurudumu, akakosa mara mbili. Ilipoingia, alilala kifudifudi akapita.

Alitoka na jeki na vipande vya mbao ambavyo Damas hutumia kuzuia magurudumu. Akaiweka jeki chini ya ukingo wa mlango, karibu kabisa na paja, akaanza kuzungusha. Kila mlango ulipopanda upana wa kidole alisukuma mbao chini yake, ili jeki ikiteleza usirudi. Damas hakulia tena. Alikuwa anamtazama tu, macho makubwa, na midomo inasema Salamu Maria bila sauti.

"Sasa, Bi. Mvute."

Bi Mwanahawa alimshika makwapani akavuta. Damas akatoka, mguu wake ukifuata kama kitu kisicho chake.

Watu waliotoka msikitini walimkuta hapo. Lori lilikuwa limefungiwa nyuma ya mlango, kwa hiyo walileta kitanda cha kamba, wakambeba mbio mpaka hospitali, wakipokezana. Wenceslaus alishika mguu wa kitanda njia nzima na hakukubali kupokewa.

Mguu ulikatwa siku hiyo hiyo, juu ya goti.

Kesho yake asubuhi mji mzima ulikuwa na habari moja: jinsi Wenceslaus Lugembe alivyopita chini ya mlango unaoning'inia ili kumwokoa rafiki yake. Watu wa Mtendeni walikuja kumpa mkono. Mwalimu wa kwaya alimkumbatia. Askari mmoja wa polisi alikuja bandani, akautazama waya uliokatika, akaandika kwenye daftari, akamwambia Bwana Nassibu kwamba hii ni ajali, na pole sana.

Askari alipoondoka, Wenceslaus alipanda ngazi. Kipande cha ngozi kilikuwa bado mahali pake. Alikichomoa, akakitia mfukoni. Alipogeuka, Bwana Nassibu alikuwa amesimama chini anamtazama.

"Umetoa nini?"

"Uchafu, Bwana."

Walitazamana. Bwana Nassibu alielewa, na Wenceslaus aliona kwamba ameelewa. Bwana Nassibu akaingia ndani.

Siku zilizofuata Wenceslaus hakuweza kula. Josepha alidhani ni mshtuko. Alimpikia uji, yeye akauacha upoe. Kila mtu aliyempa mkono alimwongezea uzito, na baada ya muda akaanza kupita njia za nyuma ili asikutane na watu. Jumatano alikwenda hospitali. Damas alikuwa ameketi, uso umekuwa wa kijivu, na Eustadia mkewe yuko kando ya kitanda, mimba yake ya miezi saba ikionekana.

"Huyu hapa," Damas alimwambia mkewe, na akajaribu kucheka. "Wense, daktari amesema nusu saa zaidi ningekuwa maiti. Tumekubaliana na Eustadia. Huyu anayekuja akiwa mwanamume, jina lake ni Wenceslaus."

Eustadia alimshika Wenceslaus mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa vidole vyake.

Wenceslaus aliutoa mkono wake. Alisema ana kazi. Alitembea mpaka nje, akashika ukuta wa hospitali.

Jumamosi alikwenda kuungama. Alieleza yote, mpaka kandambili.

"Mungu anakusamehe," padre alisema kutoka upande wa pili wa kitundu cha kuungamia. "Lakini, mwanangu, mguu si wa Mungu peke yake. Kuna mwenyewe."

Aliondoka kanisani akaenda moja kwa moja hospitali, kabla ujasiri haujamtoka. Eustadia alikuwa amekwenda nyumbani. Wenceslaus hakuketi.

"Damas, nina neno."

"Sema."

"Breki ya kushoto haikushindwa. Niliizuia mimi. Nilitia ngozi tangu Jumanne ili mlango usikwame. Sikukuambia."

Damas alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Haukuisha.

"Ulijua waya ni mbovu?"

"Nilijua."

"Na siku zile ulizokaa pale bandani, nikakutania..."

"Nilikuwa nakulinda wewe. Nilifikiri nitaweza."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuuamini mlango ule," Damas alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikufanana na yeye. "Mimi niliuogopa. Nilikuwa na haki ya kuuogopa. Wewe ukaniondolea."

Wenceslaus alipiga magoti kwenye sakafu. Damas akageuza uso ukutani.

"Toka, Wenceslaus."

Alitoka, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alikwenda polisi. Aliweka kipande cha ngozi juu ya meza ya yule askari aliyekuwa ameandika ajali, akaeleza. Bwana Nassibu aliitwa. Alikana kabisa: hakumwagiza fundi chochote ila kutengeneza mlango, habari ya breki yeye mfanyabiashara ataijuaje? Wenceslaus hakubishana. Alisema mkono uliotia ngozi ulikuwa wake.

Kesi ilisikilizwa majuma matatu baadaye. Watu waliokuwa wamempa mkono walikaa kwenye mabenchi na hawakumwangalia. Josepha alikuwepo, amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Bwana Nassibu alirudia aliyoyasema polisi. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Bi Mwanahawa, amejifunika vizuri, na akaomba kusema.

"Nilikuwa jikoni siku ile ya Jumanne," alisema. "Dirisha liko wazi. Nilimsikia fundi akikataa, na nilimsikia mume wangu akisema iambie breki iache siku tatu." Hakumtazama mumewe. "Nilikilaza kichwa cha yule dereva hapa mapajani. Siwezi kunyamaza nikasali."

Bwana Nassibu aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Hukumu ilipotoka, yeye aliamriwa kumtunza Damas na nyumba yake, na ule mlango uondolewe. Wenceslaus alifungwa miezi mitatu. Bi Mwanahawa alirudi nyumbani kwa mumewe; waliyoyasemezana huko hakuna aliyejua, ila majirani walisema walikaa muda mrefu bila kula pamoja.

Gerezani Wenceslaus alivunja kokoto. Kazi haikumsumbua. Kilichomsumbua ni usikivu wake ule ule: kila bawaba ya mlango wa gereza alijua inataka nini, na kila ulipogongwa alimsikia Damas akimwita mama yake. Kuna wiki moja aliacha kunywa maji makusudi. Mlinzi mmoja, Msukuma mtu mzima, alimlazimisha kikombe mdomoni na kumwambia kwamba kufa ni njia ya kumkimbia mwenye mguu. Akanywa.

Alipotoka alikuwa amekonda mpaka shati likamning'inia. Siku ya pili alikwenda nyumbani kwa Damas. Eustadia alikuwa mlangoni na mtoto mchanga mgongoni, msichana. Walikuwa wamemwita Bertila.

"Shemeji, nimekuja..."

"Usiniite shemeji," alisema, akafunga mlango.

Alirudi juma lililofuata, akapasua kuni zilizokuwa uani, akaondoka bila kubisha. Juma lingine akakuta kuni zile alizopasua hazijaguswa. Eustadia alikuwa amenunua nyingine. Akapasua tena. Josepha alimwambia aache, watu wanamcheka. Hakuacha. Wakati huo alikuwa amepata kibarua kwenye kiwanda kidogo cha kuranda mbao, na wafanyabiashara wawili wa mjini waliotaka mlango kama wa Bwana Nassibu walikuja kumwuliza. Aliwaonyesha jinsi ya kupima waya kwa kitambaa, jinsi ya kupandisha mlango nusu na kuuachia, jinsi ya kusimama kando. Aliwaambia breki ikiuma wasiilaumu, wamshukuru Mungu, waite fundi. Kuufunga mlango wenyewe alikataa.

Mvua zilikuwa zimekaribia kwisha siku alipokuwa anapasua kuni akasikia mlango unafunguka nyuma yake. Hakugeuka. Alisikia gongo likigonga chini, mguu, gongo, mguu, bila mpangilio, kama mtu anayebeba mzigo vibaya.

"Wewe," Damas alisema.

Wenceslaus akaweka shoka chini.

"Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Hilo ujue."

"Najua."

"Nikiota, nakuona umesimama chini ya mlango ule, mikono kiunoni, unacheka. Kila siku."

Damas alisimama anapumua, jasho likimtiririka, ingawa alikuwa ametembea hatua kumi tu. Aliegemea ukuta, akatoa gongo la kulia kwapani, akalinyoosha mbele yake kwa hasira.

"Haya magongo niliyopewa yananiua kwapa. Moja ni refu kuliko jingine. Nimewaambia, wanasema nitazoea. Wewe si fundi?"

Wenceslaus alilipokea. Aliliona mara moja: lilipita jingine kwa upana wa kidole gumba, na sehemu ya kwapa ilichongwa vibaya. Alipiga magoti mbele ya Damas, akaweka mkono kwenye kiuno chake ili asianguke, na akaanza kupima kutoka kwapani hadi chini. Damas alishtuka alipoguswa, mwili wote ukakakamaa. Wenceslaus akangoja mpaka ukalegea.

Ndani, Eustadia alikuwa amesimama dirishani na mtoto, akiwatazama, bila kutoka na bila kufunga dirisha.

"Simama wima," Wenceslaus alisema. "Usiniegemee. Nataka kipimo cha kweli."